Mama Mkwe Aliyevuka na Kuku

Miguu yake naijua kuliko yangu. Niamshe usingizini uniulize, nitakwambia: buti za mpira, nyeusi, za kiume, zimemzidi mguu, na ya kushoto ina kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli karibu na kidole kidogo. Akitembea zililia kwap, kwap, kwap, kama mtu mmoja anayepigia makofi hotuba ambayo wengine wameikataa. Lakini uso wake usiniulize. Kwa miaka mingi mama mkwe wangu hakuwa na uso.

Watu wa Busia hawahitaji kuelezwa jambo hili, ila maandishi husomwa na watu wa mbali, kwa hiyo nitaeleza. Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali naye, hapiti naye njia moja. Mkikutana barabarani, mmoja anaiacha barabara, na kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa mkeo, wa kuiacha ni wewe. Mkiwa na neno, hamwambiani. Unaliambia kitu kingine, mlango au mbuzi au mti, naye mwenzako anasikia kama kwa bahati. Hiyo ni heshima. Mtu akikwambia ni woga, mwambie aje aoe huku tumwone.

Sasa, mimi sikusoma, na sioni haya kusema. Darasa la tatu nilifungua mlango, nikachungulia, nikaona hakuna chakula, nikarudi nyumbani. Leo nina malori mawili yanayopita Malaba yamejaa, nina kinu cha kusaga pale Mundika, nyumba yangu ina madirisha ya vioo pande zote nne, na vijana wenye vyeti hunijia kofia mkononi wakiomba kazi ya utaniboi kwenye lori. Nawauliza kwanza kama wanajua kubadilisha gurudumu. Cheti hakibadilishi gurudumu.

Lakini miaka ile baada ya Uhuru nilikuwa na baiskeli tu. Baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama ng'ombe. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande kirefu cha barabara kisicho cha mtu. Basi lilikutupa upande huu, basi jingine likakungoja upande ule, na katikati ulitembea mwenyewe na mizigo kichwani. Sisi vijana tukaona riziki hapo. Nilishona mto wa gunia, nikaujaza pamba, nikaufunga kwenye keria, nikasimama kizuizini nikiita, "Boda! Boda!" Watu wakapanda. Siku hizi kila mzee mwenye baiskeli iliyooza anasema yeye ndiye aliyeianzisha kazi ile. Waache waseme. Mto wa pamba ulikuwa wangu.

Shida ilikuwa moja. Mama mkwe naye alipita njia ile ile kila asubuhi, na ile barabara ilinyooka kama rula, mtaro kulia, mtaro kushoto. Hakuna kichochoro, hakuna kichaka. Mwenye heshima alikuwa na mahali pamoja tu pa kuiweka.

Siku moja nilikuwa nimembeba wakala wa forodha, mtu wa Mombasa aliyeletwa kutoa mizigo mpakani. Suruali nyeupe, soksi nyeupe, kitambaa cha kufutia jasho. Ananieleza huko kwao mambo yanavyokwenda kwa utaratibu. Mara nikasikia mbele yangu: kwap, kwap, kwap. Sikufikiri. Niligeuza usukani nikaingia mtaroni, mimi, baiskeli, na Mombasa nzima nyuma yangu.

"Majambazi?" akaninong'oneza, amelala kifudifudi kwenye tope.

"Mama mkwe," nikamjibu.

Akainua kidevu kutoka kwenye tope. "Ana bunduki?"

Juu yetu buti zilisimama. Nilikiona kile kiraka chekundu kando ya mtaro, juu kidogo ya kichwa changu. Kisha ikaja sauti yake, nene, kavu, isiyo na haraka.

"Kuku," akasema, "mwambie huyo mtu heshima yake nimeiona. Lakini mwambie pia kwamba baiskeli huwa ina breki."

Watu wote barabarani wakaangua kicheko. Mimi si mtu wa kuchekwa, tangu ujana wangu, lakini ukiwa mtaroni utamkasirikia nani?

Huyo kuku lazima nimweleze vizuri, maana alikuwa na cheo. Mama mkwe hakuvuka mpaka bila kuku kwapani. Hakumpeleka sokoni, hakumpeleka kwa mganga. Alimbeba kwa sababu katika ile barabara hapakuwa na mti wala mlango wa kuzungumza nao, na mkwe wake alikuwa akipitapita pale na baiskeli siku nzima, na yeye alikuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka ile walipita kuku wengi kwapani mwake, kahawia, mweupe, yule wa madoadoa aliyekuwa na hasira. Wote walifanya kazi ile ile.

Msimu mmoja kideri kiliua kuku vijijini, na bwana mifugo, kijana mgeni mwenye kofia mpya, akawekwa kizuizini azuie kuku wasivuke. Nilikuwa nimesimama na baiskeli yangu, mgongo nimewageuzia kama inavyotakiwa, lakini masikio hayana mgongo.

"Mama, kuku havuki," kijana akasema.

"Huyu si kuku wa kuvuka. Huyu ni mkalimani."

"Mkalimani wa nani?"

"Wa mkwe wangu."

"Mkwe wako anasema lugha gani?"

"Yetu hii hii."

"Sasa mkalimani wa kazi gani?"

"Baba, wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi ndiyo maana. Fungua."

Akafungua. Askari wa upande wa Uganda walikuwa wameshamzoea kitambo. Wakimwona tu wanaita, "Nyabo, mama, leo kuku anasemaje?" Naye anawajibu, "Anasema muinue hilo gogo, jua linapanda."

Alivuka kwa sababu maisha yake yalikuwa yamelala juu ya mstari. Nyumba yake ilikuwa upande wa Uganda, mahali alipojengewa na wanawe baada ya mumewe kufariki. Shamba lake la wimbi lilikuwa upande wa Kenya, njia ya kwenda Mundika, na katikati ya shamba hilo ndipo alipozikwa mzee wake. Zamani hilo halikuwa jambo la kujadili. Unalala hapa, unalima pale, kama vile jiko na chumba. Kila asubuhi alifika shambani, akaketi kando ya kaburi, akampa mumewe habari za nchi zote mbili, kisha akashika jembe.

Na hakumpa habari tu. Waligombana. Siku ile ile ya mtaro nilikuwa nikipita nyuma ya wimbi nikisukuma baiskeli polepole, nikasikia nikisemwa kaburini. Nani hatasimama?

"Leo yule mtu ameingia mtaroni," alikuwa akisema, "na mgeni mwenye soksi nyeupe. Na wewe uliniambia atakuwa mkwe mtulivu. Uliniambia ana akili. Akili ipi, mzee? Ya kuogelea?"

Nilimwona kwa nyuma tu, kitambaa cha kichwa na mabega. Yale mabega yakaanza kutikisika, yakatikisika muda mrefu, na mkono ukaenda usoni kufuta macho. Nikajua analia, maskini, anamlilia mumewe. Moyo ukaniuma. Nikaondoka kwa vidole vya miguu, na jioni nikamwambia mke wangu, "Mama yako bado ana majonzi." Mke wangu akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule.

Askari wa pande zote aliwalisha. Alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikapu, vimefunikwa na majani ya migomba, akagawa sawasawa, upande huu na upande ule. "Nikipa mmoja na kumnyima mwingine," alisema, "nitakuwa nimeanzisha vita." Askari akimuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, yeye alimuuliza kwanza kama amekula. Wakati serikali ilipopigilia vibao vipya vya mpaka, alivizunguka vyote, akavigonga kwa mpini, akasema, "Vizuri. Lakini jembe halisomi."

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu kwangu. Sheria ya ukwe aliishika kama kijinga cha moto, hakukuruhusu kukosea hata kidogo. Sheria za serikali alizishika kama unavyomshika mtoto wa jirani, kwa upole na kwa muda mfupi. Baiskeli yangu hakuipanda hata siku moja, haiwezekani, lakini alipanda za washindani wangu, kisha akawahimiza wanipite. Nasikia nyuma yangu, "Kanyaga, baba, kanyaga!" Najua ni yeye. Najitupa kando, nafumba macho. Baiskeli inapita, na sauti inabaki hewani: "Kuku, mwambie huyo mtu gurudumu la nyuma linayumba."

Na kweli lilikuwa linayumba. Niliangalia jioni.

Nilijua basi kwamba hanipendi. Nilijinunulia redio ya kwanza mtaani kwetu, akamwambia kuku kwamba kelele si utajiri. Nilipoezeka nyumba mabati, akamwambia kuku kwamba mvua sasa itaniamsha. Kisha siku moja nikafika soko la Khunyangu, na muuza vyungu mmoja, mama ambaye sikuwahi kumwona, akaniuliza natoka wapi, nimeoa wapi. Nilipomwambia, akaweka chungu chini.

"Haa! Kumbe wewe ndiye yule mkwe asiyeshindwa? Mwenye redio? Mwenye mabati yanayoonekana toka barabarani?"

"Nani amekwambia?"

"Mama mkwe wako. Kila siku ya soko. Tumechoka, ndugu yangu. Siku nyingine tunajificha."

Nilirudi nyumbani nikiamini amenichanganya na mkwe mwingine. Kisha nikakumbuka kwamba hakuwa na mkwe mwingine.

Ukafika mwaka ambao pesa zetu zilitengana, kila nchi na noti yake. Na baada ya pesa kutengana, watu nao wakaanza kutenganishwa. Pale kizuizini kwetu aliletwa afisa mpya, kijana wa mbali, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, na kila kitu alikitaka kwa karatasi. Akatangaza kwamba anayevuka kila siku awe na kibali. Mwanamume alionyesha kipande chake cha utambulisho, akapewa. Lakini wanawake wakati ule hawakuwa na kipande. Kwa hiyo mwanamke aletwe na ndugu mwanamume mwenye kipande na nyumba upande wa Kenya, amtambue mbele ya afisa, uso kwa uso. Asiyetambuliwa, abaki kwao.

Mama mkwe alikwenda asubuhi na kuku wake na kikapu cha viazi. Afisa akakataa viazi. Akamrudisha. Kesho yake akamrudisha tena.

Na wimbi lilikuwa limeiva. Ndege walikuwa wamejaa shambani kama waalikwa wa harusi. Lakini mke wangu aliniambia si wimbi linalomnyima mama usingizi. Ni kwamba tangu walipomzika yule mzee hajawahi kulala siku mbili bila kusalimiwa.

"Waende kaka zako," nikasema.

"Kaka zangu wako Jinja kiwandani, na nyumba zao ziko upande wa Uganda. Mwenye kipande na nyumba upande huu ni mmoja."

"Nani?"

Akaninyooshea kidole.

"Wewe mwanamke," nikasema, "unajua kabisa mimi yule mama sijawahi kumwona! Nitamtambua vipi? Nimwinulie macho mbele ya serikali? Wazee wa pande zote mbili watanila!"

"Sijui utafanyaje. Wewe si ndiye asiyeshindwa?" Akachukua ungo wake. "Usipomtambua mama yangu, na mimi usinitambue."

Nilikaa na jambo hilo nikaligeuza, na kwa akili zangu ambazo hakuna mwalimu aliyenipa nikapata njia. Uso wa nini? Nina miguu. Zile buti hazina pacha kutoka Chakol mpaka Kampala. Nitaingia, nitatazama sakafu kama mtu mwenye adabu, nitaonyesha buti yenye kiraka, basi. Nilijisifu usiku kucha. Asubuhi nikavaa koti.

Kumbe mama mkwe naye alikuwa na akili zake. Yeye aliona kwamba mtu haendi mbele ya serikali na buti za shamba. Akaenda kwa mke wa katekista, akaazima viatu vyeupe vya Jumapili. Na kwa kuwa jirani yake, mwanamke mwembamba asiyekuwa na kiatu hata kimoja, alikuwa akimsindikiza, na mvua ilikuwa imenyesha, akamwambia, "Chukua buti zangu, usije ukaingia ofisini na tope." Roho nzuri hiyo. Mimi hakuna aliyeniambia. Angeniambia nani? Kuku walimwacha nje.

Ofisini nikaingia macho chini. Sakafu ya saruji, miguu ya meza, viatu vya afisa vinang'aa.

"Wewe ndiye wa kumtambua huyu mama?"

"Ndiyo, afande."

"Haya, inua macho umtazame."

"Siwezi, afande."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana tumekuita."

"Na ndiyo maana siwezi."

Nikamsikia akipumua kwa pua. "Hapa kila siku naletewa watu wanaouziana undugu," akasema. "Jana mtu mmoja alinitambulia shangazi watatu, mmoja mdogo kuliko yeye. Sawa. Nitakupima." Akaita mama mmoja aliyekuwa akipita na omena, dagaa wa ziwani, akawapanga wanawake watatu ukutani. "Mmoja ni mama mkwe wako. Nionyeshe."

Nikateremsha macho chini zaidi, nikatembea nayo sakafuni. Miguu mitupu yenye magamba ya omena: siyo. Viatu vyeupe vya Jumapili: siyo, hata kidogo, huyo atakuwa mke wa mwalimu. Buti nyeusi za mpira, kiraka chekundu, kushoto, karibu na kidole kidogo. Nilitaka kucheka kwa raha. Nikanyoosha mkono kama mtu anayekata utepe.

"Huyu hapa! Mama yangu mkwe wa haki! Naapa kwa mizimu ya pande zote!"

Nikasikia kalamu ya afisa ikisimama.

"Una hakika?" afisa akauliza.

"Afande, huyu ningemjua hata gizani."

Mwenye buti akasema polepole, "Mimi sina hata binti."

Afisa akafunga kalamu. "Nimemaliza. Karatasi hakuna. Huyo mama arudi kwao na asionekane tena hapa kizuizini. Na huyu," nikasikia kidole chake kikinielekea, "amekuja kuapa uongo mbele ya serikali. Askari, mshike." Mkono ukaniingia kwapani. Nikaona kibali kimekwenda, wimbi limekwenda, mke amekwenda, na koti langu zuri linakwenda rumande.

Ndipo ikatoka ile sauti, pale kwenye viatu vyeupe.

"Meza."

Afisa akasema, "Nini?"

"Sisemi nawe, baba. Nasema na meza. Meza ya serikali, mwambie huyo mtu aliyekuja kwangu siku ya posa akala kuku mzima, akatafuna mpaka shingo, akaomba na supu, mwambie leo amenibadilisha na mtu wa ukoo mwingine. Binti yangu nilimpa yeye. Buti nilimwazima jirani. Mwambie aangalie vizuri ni kipi alichooa."

Omena zilimwagika, maana mwenye omena alikuwa amejishika tumbo. Askari aliyenishika alikuwa akitetemeka mpaka nikatetemeka naye. Walinicheka wote. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta tayari, paji la uso kwenye chokaa, kwa sababu sasa nilijua yuko wapi na ilinipasa kumpa mgongo.

Afisa peke yake hakucheka. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya ofisi, "Mzee, ulioa mwaka gani?"

"Miaka mingi kabla ya Uhuru, afande."

"Na uso wake hujauona tangu hapo?"

"Hata kabla ya hapo."

"Hm." Kiti kikalia. "Mimi kwetu ni mbali sana na hapa. Lakini mama mkwe wangu akitokea njiani, mimi huingia kwenye mahindi. Mwaka jana niliingia shamba la mtu na sare hizi hizi, nikafukuzwa na mbwa." Akaifungua kalamu. "Mtu aliyelipwa aje kudanganya angekuja ameusoma uso wa huyu mama kama kitabu. Angemwonyesha mara moja bila kukosea. Anayeweza kukosa namna hii, baada ya miaka yote hii, ni mkwe tu. Askari, mwachie. Mama, weka kidole hapa kwenye wino."

Hivyo ndivyo kibali kilivyopatikana, na nataka ijulikane kwamba kilipatikana kwa kazi yangu. Kosa lile hakuna mwingine angeweza kulifanya.

Alipotoka nje alimchukua kuku wake. Nikamsikia akimwambia, "Mwambie huyo mtu asante. Mwambie pia sasa akimbie, maana jirani anataka kujua mahari yake itakuja lini."

Miaka ile ya sitini ikielekea ukingoni, mpaka ukawa mgumu kweli. Wakenya waliokuwa wakifanya kazi kule wakaanza kurudi na vitanda vichwani, Malaba magari yakapangwa foleni, na askari wapya hawakuwa na habari za kuku wala viazi. Mimi wakati huo nilikuwa nimepata lori la kwanza. Ndipo mke wangu akaniambia mama ni mgonjwa, hali chakula, na ameniita.

"Ameniita mimi?"

"Amemwambia kuku."

Nilikwenda. Nikasimama nje kwenye uwanja, mgongo nimeuelekeza mlangoni, kofia mkononi. Nikasikia anatolewa nje, anaketishwa kwenye mkeka. Hakuna buti. Miguu yake mitupu ilipita pembeni mwa jicho langu, midogo kuliko nilivyodhani. Kuku wa madoadoa alikuwa akidonoa karibu nami.

"Kuku," akasema. Sauti ilikuwa imepungua upana, lakini ukavu ulikuwa ule ule. "Mwambie huyo mtu nikifa, nitafia upande huu. Na kitanda changu kingine kiko shambani kwa mume wangu. Kwa hiyo nitapitishwa pale kizuizini nimelala. Watafunua shuka, watauliza, huyu ni nani? Na wanangu watakuwa njiani kutoka Jinja."

Nikainamisha kichwa kuonyesha nimesikia.

"Safari ile nilikuwa na ulimi wa kusema na meza. Safari hii sitakuwa nao. Huyo mtu akimwonyesha mwingine tena, atalazwa mwanamke mgeni kando ya mume wangu. Na ninavyomjua yule mzee, hatakataa."

Mke wangu alitoa sauti kama mtu aliyekabwa na chakula.

"Kwa hiyo mwambie ageuke," mama mkwe akasema. "Mwambie anitazame."

Nilibaki nimesimama. Nimevuka mpaka ule mara zisizohesabika, mchana na usiku, na mizigo mingine siwezi kuitaja hapa. Lakini kugeuka pale, hatua moja ya kisigino, sikumbuki kuvuka pengine palipokuwa pagumu hivyo.

"Geuka, baba," akasema. Hakumwambia kuku.

Nikageuka. Nikainua macho kutoka kwenye miguu, magotini, mikononi, kifuani, shingoni, nikafika.

Alikuwa anacheka.

Si kicheko cha siku moja. Kilikuwa kimekaa pale usoni miaka na miaka, kimechimba mistari kuzunguka macho mpaka masikioni, kama njia za ng'ombe kwenda mtoni. Mashavu yalikuwa yamechoka kukibeba. Nikaona mwanya wa meno ya juu, ule ule wa mke wangu. Nikakumbuka mtaro na watu wote waliocheka barabarani. Nikakumbuka askari aliyetetemeka, na yale mabega kule kaburini. Nikamgeukia mke wangu.

"Mama yako anacheka?"

"Kila akisema na wewe," akajibu. "Tangu siku ya posa. Ulikuwa hujui?"

Ningejuaje? Mimi nilipewa sauti na buti.

Mama mkwe akanitazama naye, kwa zamu yake, kutoka juu mpaka chini, bila haraka, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyekwisha kumlipia.

"Umenishika sura?" akauliza.

"Nimekushika, mama."

"Hutakosea?"

"Sitakosea."

"Haya." Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Sasa teremsha macho. Kwa askari hayo yanatosha."

Nikateremsha. Nikageuka tena kule nilikokuwa, kofia mkononi, na nyuma yangu nikasikia, "Kuku, mwambie huyo mtu koti limembana. Mwambie apunguze kula."

Nami, kwa mara ya kwanza, nikiwa nimempa mgongo, nikacheka naye.